Sentensi Nne Zilizobaki Nyumbani

Mpiga chapa alikuwa amefunga tai. Jambo hilo lilimkera Bi Pole kabla hata hajavuta kiti. Mtu aliyeambiwa kwamba saa kumi jioni polisi watakuja kumchukua kazini anakaa na tai ya nini? Lakini alipomuuliza, mzee yule aliishika ncha yake kwa vidole viwili, akasema mkewe ndiye aliyemfungia asubuhi ile, ili akitolewa mbele ya wenzake atoke kama mfanyakazi wa miaka kumi na tisa, si kama mwizi wa kuku.

"Basi imekukaa vizuri," alisema Bi Pole, akaona aibu kwa kuuliza.

Bi Pole halikuwa jina lake. Alipachikwa tangu alipokuwa askari wa upelelezi, kwa sababu kila alipotaka kuuliza swali la kumchoma mtu alianza kwa kumpa pole. Waliomjua, wakilisikia neno hilo tu, walishika viti. Sasa alikuwa ameacha upolisi na Baraza la Mitihani lilimwita kila lilipoibiwa. Lilikuwa linaibiwa mara kwa mara.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliomtia shaka. Wiki mbili nyuma, katika mtihani wa Kiingereza wa wauguzi wasaidizi wanaotaka kazi ng'ambo, wanawake wanne wa darasa moja walikamatwa na karatasi viatuni. Kila mmoja alikuwa na nakala ya karatasi ile ile, iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mmoja, yenye sehemu nzima ya nyakati: sentensi zenye pengo, na mtahiniwa achague kama tendo lilitendeka, linatendeka, lilikuwa limekwisha kutendeka, au bado. Sehemu hiyo ndiyo iliyowaangusha watu kila mwaka. Wanne wale walibanwa, wakakataa kusema waliipata wapi.

"Ukiniondoa mimi, maswali yale yalionwa na watu wawili tu kabla ya siku ya mtihani," Katibu wa Baraza alikuwa amemwambia pale mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, aliyependa faili lililofungwa kuliko faili la kweli. "Mwalimu aliyeyatunga, na huyu aliyeyachapa. Sasa niambie wewe, Mwalimu anaweza?"

Bi Pole hakuthubutu kusema anaweza. Nusu ya watu waliokaa kwenye ofisi za mji ule walikuwa wamepita mikononi mwa Mwalimu, na yeye mmoja wao. Ndiye aliyemfundisha kwamba kila tendo lina saa yake na anayeibadilisha saa ni mwongo, kwa lugha yoyote. Ndiye aliyemwandikia barua ya kumwombea nafasi ya upolisi. Wiki iliyopita, Jumatano, Katibu alikuwa amempelekea karatasi ile iliyokamatwa, na Mwalimu alisikitika mpaka akakosa la kusema. Kesho yake ikaja barua yake ndefu, ikilishauri Baraza liwachunguze "walio karibu na mashine".

Aliye karibu na mashine alikuwa mmoja. Kamba hukatikia pembamba, na jina la mpiga chapa lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye fomu kwa penseli. Saa kumi lingepitishiwa wino.

"Pole, mzee wangu," alisema Bi Pole. "Uliuza?"

"Sikuuza."

"Ulimpa mtu bure?"

"Mama, mimi Kiingereza nakichapa tu. Nikimaliza ukurasa ukaniuliza unasema nini, nitakuambia una mistari mingapi."

"Haya. Nieleze kadi zinavyofika hapa. Polepole, kama unamweleza mjinga."

Mpiga chapa alieleza. Mwalimu huandika kila sentensi kwenye kadi yake. Kadi huja kwenye bahasha iliyopigwa lakiri, na Katibu huivunja lakiri mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Huwa zimepangwa makundi makundi: za wakati uliopita pamoja, za wakati uliopo pamoja, za wakati ujao pamoja. Zikiachwa hivyo, mtahiniwa mvivu akiijua ya kwanza anazifuata zilizobaki kama kondoo. Kwa hiyo Katibu huzimwaga mezani na kuzichanganya kama karata, ndipo zinapigwa namba na kuchapwa. Zikishachapwa zinachomwa.

"Na wakati unachapa, Katibu yuko wapi?"

"Kisogoni kwangu, anatafuna peremende. Saa moja na nusu. Hata chooni siendi."

"Kadi ngapi?"

"Sitini. Tunazihesabu wote wawili na tunatia saini. Kila mwaka ni sitini, haijapungua wala kuzidi."

Bi Pole aliitandaza karatasi ya wizi upande mmoja, na karatasi ya mtihani upande wa pili. Alisoma kwa kidole. Mpiga chapa alikitazama kidole kile kama mgonjwa anavyotazama sindano.

Kwenye mtihani, sentensi zilikuwa vurugu, kama Katibu alivyozichanganya. Kwenye karatasi ya wizi zilikuwa zimekaa makundi makundi, kimya na kwa adabu. Bi Pole alizihesabu mara moja, akazihesabu tena kutoka chini kwenda juu.

"Mzee wangu, huku kuna sentensi sitini na nne."

"Haiwezekani. Nne zimetoka wapi?"

Alizitafuta zile nne, akazipata zimetawanyika. Hazikuwamo kwenye mtihani. Moja ilisema mke wangu aliunguza maharage wageni wakiwa mlangoni. Nyingine ilisema mke wangu alikuwa amekwisha kupoteza funguo tatu kabla hatujafika. Ya tatu ilisema mke wangu analala kila mimi ninapozungumza mambo ya maana. Ya nne ilisema kufikia mwakani mke wangu atakuwa hajajifunza kitu chochote kipya.

Bi Pole alitabasamu. Mwalimu bwana! Alitunga mzaha wa kumtania mkewe, kisha roho ikamsuta, akazitoa. Alimpenda zaidi kwa hilo, na ndiyo maana ilimchukua muda kuliona la pili: kama zilitolewa kabla ya bahasha kufungwa, basi hazikupata kufika kwenye chumba hiki. Aliyeiandika karatasi hii alizipata sentensi zote sitini na nne, zikiwa bado zimepangwa. Alizipata nyumbani kwa Mwalimu.

"Kaa na tai yako," alimwambia mpiga chapa. "Nitarudi."

Katibu alimfuata mpaka kwenye ngazi. "Saa kumi, Bi Pole! Nataka jina moja, sitaki hadithi!"

*

Chuo cha lugha kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zake zilikuwa na vumbi la saruji. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Alifungua rejista bila kulazimishwa. Darasa la mchana, Jumatatu mpaka Alhamisi, miaka miwili.

"Hawa wanne walikaa wapi?"

"Dawati la nyuma. Lile refu."

"Lile ni la watu watano."

Kijana alikuna kichwa. "Wa tano ni Shangazi. Ndivyo tunavyomwita, kwa umri wake."

Bi Pole aliufuata mstari wa Shangazi kwenye rejista. Vema, vema, vema, miaka miwili bila kukosa hata siku ya mvua. Siku ya mtihani palikuwa na kistari.

"Alianguka darasani? Aliogopa?"

"Shangazi?" Kijana alicheka. "Mama, mimi nikikwama kwenye tensi, hizi nyakati, namtazama yeye. Akitikisa kichwa nafuta ubao. Ningekuwa na sikio kama lake nisingekuwa hapa."

"Anaishi wapi?"

"Hakuwahi kusema. Alisema tu kwamba kwake wanajua anakwenda kikundi cha ushonaji, na tusije tukamharibia."

Mmoja wa wale wanne alikuwa akifanya usafi pale pale chuoni. Alipoitwa alikuja na ufagio, akausimamisha mbele yake kama mlinzi.

"Pole, dada," alisema Bi Pole. "Nani aliwapa?"

"Hata mnikate ulimi. Huyo mama hakuchukua kwetu hata nusu senti."

"Nani amesema ni mama?"

Yule mwanamke aliuma midomo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Machozi yakamjaa. "Tumeanguka mara mbili, mimi na wenzangu. Mara zote mbili kwenye tensi. Yeye alilia kuliko sisi. Anasema, nisameheni, ni kosa langu. Tukamcheka, kosa lako kivipi? Mtihani umeutunga wewe?"

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Mwaka huu akaja na karatasi. Akasema, hili ni deni langu kwenu, msiniulize. Sasa na wewe usiniulize."

Ilikuwa saa saba kasoro. Bi Pole alishuka ngazi za saruji akiwa na mwanamke asiye na jina, na nyumba moja tu ya kwenda kumtafuta. Njia nzima alijiambia kwamba Mwalimu ana ndugu wengi, kwamba pengine ni jirani, pengine ni shemeji aliyekuja kulala siku mbili.

*

Mlango ulifunguliwa na mke wa Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye aproni na mikono iliyolowa. Alikaribisha kwa sauti ya chini, akapita mbele, akatoa gazeti kwenye kiti cha mgeni.

"Mwanafunzi wangu!" Mwalimu alifungua mikono bila kuinuka. "Umenenepa. Upelelezi unalipa siku hizi?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, kaa. Mama, lete chai."

Alikuwa Mwalimu yule yule, sauti ile ile ya kufikia dawati la mwisho. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, ila mahali pa kifungo cha tatu palikuwa na pini. Aliona Bi Pole anapatazama.

"Usinicheke. Mke wangu ana mwaka wa pili huu kwenye kikundi cha ushonaji, Jumatatu mpaka Alhamisi, na kifungo bado nakisubiri. Sijui huko wanashona nini!"

Mkewe aliweka sinia mezani. Kikombe kimoja kiligonga kingine. Bi Pole hakumtazama. Alikuwa anautazama uso wa Mwalimu, akiomba kimoyomoyo asiwe amesikia alichosikia.

"Mwalimu," alisema, "kuna sentensi nne ulizitoa mwaka huu kabla hujafunga bahasha. Kwa nini?"

"Aa, zile!" Mwalimu alifurahi kuulizwa kazi yake. "Utajuaje ugumu wa swali kabla hujalipima? Daktari ana kipimajoto. Mimi nina mama huyu." Alielekeza kidevu upande wa jikoni, ambako mkewe alikuwa amekwisha kupotelea. "Jioni baada ya kula namsomea kadi moja moja. Namwambia, hapa pana pengo, chagua: hili, hili, hili au hili? Anachagua kama mtu anayechagua nyanya gizani. Akikosa, kadi inabaki. Akipata, naitupa. Swali analoliweza yeye si swali!"

"Tangu lini?"

"Tangu nimwoe. Miaka thelathini na moja. Mwaka jana alibahatisha mbili, mwaka huu nne. Anazeeka, bahati inamjia." Alicheka mpaka akakohoa.

Bi Pole hakucheka. Mbili kati ya zile nne zilikuwa ngumu kuliko karibu zote zilizobaki. Hata yeye asubuhi alizisoma mara mbili. Hazikufanana kwa urahisi. Zilifanana kwa jambo moja tu, kwamba zote zilimsema mke. Mtu asiyejua Kiingereza habahatishi, kati ya sentensi sitini na nne, zile nne tu zinazomtukana. Yule mama alizielewa zote. Alipata alizotaka zitupwe, na akakosa alizotaka zibaki. Kwa miaka mingi, mtihani ule uliowatetemesha watu ulikuwa unachaguliwa na mwanamke mwenye sinia, na mwenye jina lake juu ya karatasi hakujua.

"Mwalimu, kila mwaka unasaini kiapo kwamba hakuna mtu mwingine anayeona wala kusikia maswali."

"Mtu anayeelewa, ndiyo. Kumsomea yeye ni sawa na kuusomea ukuta."

"Naomba maji ya kunywa," alisema Bi Pole, akainuka mwenyewe kuyafuata.

*

Jikoni palikuwa na meza ndogo na viti viwili. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama akimngoja, aproni ameikunja mkononi.

"Pole, Mama."

"Ya nini, mwanangu? Uliza tu."

"Darasani wanakuita Shangazi."

Mama alivuta kiti akakaa. Kwa muda alionekana kama mtu aliyetua mzigo, na aliposema, alisema bila kusukumwa. Mwaka wa kwanza na wa pili alikuwa anabahatisha kweli. Wa tatu alianza kusikia mahali sauti ya mumewe inapolegea. Baada ya miaka kumi alikuwa anajua jibu kabla kadi haijamalizika.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilipopata alikasirika. Anatupa kadi, anakaa kutunga nyingine, uso umemvimba. Nilipokosa alicheka, akala, akalala vizuri. Basi nikawa nakosa. Mke gani hataki mumewe ale?" Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Nikasema, ngoja na mimi nikasome, nijue kuandika hiki ninachokisikia. Huko nikawakuta wale wanne. Wakaanguka. Wakanionyesha sentensi zilizowaangusha, na mimi nazikumbuka moja moja. Nilizijua, mwanangu. Nilizikosea makusudi, zikapita, zikaenda kuwaua wenzangu."

"Ukazinakili mwaka huu."

"Kwa kichwa. Yeye akisinzia, mimi naandika. Mtihani wenyewe sikuufanya. Ningekaaje pale nijifanye sijaziona?"

"Kwa hiyo alikusomea yeye mwenyewe."

Uso wa Mama ulifungika. "Hapana. Andika niliiba. Aliziacha kwenye kasha, akaenda kuoga, nikazichukua."

"Amekwisha kuniambia anakusomea."

"Ni mzaha wake. Mzee yule anapenda mzaha. Andika niliiba, hakujua lolote."

"Mama, wizi wa mtihani ni jela."

"Yeye ana jina. Mimi nina nini cha kuharibika?"

Bi Pole alishusha pumzi. "Kuna mzee kule Baraza, mpiga chapa. Amekaa chumbani tangu asubuhi. Saa kumi anapelekwa polisi kwa sababu ya karatasi yako."

Mama aliweka mkono kifuani. "Kwa nini yeye? Amefanya nini? Mbona mume wangu hakuniambia?"

Bi Pole alimpa karatasi, na Mama akaandika nusu ukurasa kwa Kiswahili, haraka haraka, kwamba aliziiba kadi peke yake na mume wake hana hatia. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kwenye karatasi ya wizi, wa herufi za mtu mzima aliyejifunza kuandika kwa kuzipenda. Alitia saini, akauliza kama mpiga chapa sasa atarudi kwake.

"Atarudi," alisema Bi Pole.

*

"Pole, Mwalimu."

Safari hii Mwalimu alishika kiti.

"Jumatano ulipoletewa karatasi iliyokamatwa, ulihesabu sentensi?"

"Sikumbuki."

"Ulinifundisha wewe kuhesabu maswali kabla ya kuyasoma."

Mwalimu aliutazama mlango wa jikoni, akapunguza sauti. "Nilipoona zile nne nilijua zimetoka humu ndani."

"Na Alhamisi ukaandika barua."

"Ilibidi niandike kitu. Sikumtaja mtu."

"Walio karibu na mashine. Yuko mmoja tu, na unamjua. Amekuchapia mitihani miaka kumi na tisa."

"Yule atapata kazi nyingine!" Mwalimu alisema kwa uchungu wa kweli, kana kwamba yeye ndiye aliyeonewa. "Mashine zimejaa kila mahali. Mimi jina jingine nitalipata wapi?"

Bi Pole alikuwa amewahi kudanganywa na majambazi, mawakili na mume. Hakuna uongo uliomuuma kama ule. Alimtazama mtu aliyemfundisha ukweli, akajisikia kama mtoto aliyeachwa sokoni na mzazi anayeonekana kabisa akienda zake.

"Mwandiko huu ni wa nani?" Alimwekea karatasi ya wizi chini ya macho.

"Nitajuaje? Wa hao waliomtuma mke wangu. Aliwapa kadi, wakanakili."

Miaka thelathini na moja, na mwandiko wa mkewe hakuujua.

"Basi andika maelezo yako, Mwalimu. Kwa mkono wako."

Mwalimu alivuta karatasi, akafikiri, akapata nguvu mpya. "Nitaandika kwa Kiingereza," alinong'ona. "Akiiona asielewe, nyumba isije ikachafuka." Aliandika ukurasa mzima bila kukata neno, akasaini kwa ile saini yake yenye mkia.

Bi Pole aliusoma palepale wima. Alipofika mstari wa mwisho aliurudia. Alitoka barazani, akampigia simu Katibu.

"Mwachie mpiga chapa. Karatasi ilitoka nyumbani kwa mtunzi. Kuna sentensi nne zisizowahi kufika ofisini kwako, zihesabu mwenyewe."

"Hee! Na jina? Nataka jina!"

"Bado haijafika saa kumi," alisema, akakata.

Ilikuwa saa tisa na robo. Mkononi alikuwa na maelezo mawili yanayokubaliana, ukiuacha ule mstari wa mwisho, na sheria hupenda karatasi mbili zinazokubaliana. Mke aliiba, mume hakujua. Mmoja alidanganya kwa mapenzi, mwingine kwa woga. Angeweza kuyabana kwa pini pamoja na kwenda zake, na Katibu angempa mkono. Lakini anayetuhumiwa ana haki ya kujua aliyosemwa, na Bi Pole, safari hii, alishukuru kuwepo kwa kanuni.

Alirudi jikoni, akaiweka karatasi ya Mwalimu mezani.

"Maelezo ya mzee juu yako. Nikusomee?"

"Nitasoma."

Mama alisoma kwa kidole, bila haraka. Mahali pa wizi aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa sababu ndivyo alivyosema na yeye. Karibu ingeonekana amefurahi kwamba wamepatana bila kupanga. Kidole kilishuka mpaka mstari wa mwisho kikasimama. Kikarudi mwanzo wa mstari, kikapita tena, kama kinatafuta neno kililoliruka.

"Anasema amenifukuza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Anasema alinifukuza Jumatano ile ile alipogundua, na tangu siku hiyo siishi naye." Alimtazama Bi Pole kama anayeomba asahihishwe. "Jumatano mgongo ulimkamata. Nilimkanda kwa maji ya moto mpaka akalala."

Bi Pole hakuwa na pole ya kumpa.

Mama aliisukuma karatasi ile kando. Kisha alinyoosha mkono. "Nirudishie ile yangu."

Aliipokea, akaichana mara mbili, akaviweka vipande mfukoni mwa aproni. "Nipe nyingine safi. Nilichonakili nilinakili mimi, sikatai. Lakini aliyenisomea nitamwandika, na mwaka alioanza nitauandika, na Jumatano nitaiandika kama ilivyokuwa."

"Kwa lugha gani, Mama?"

"Yake. Asije akasema hakuelewa."

Alianza kuandika. Alikuwa mstari wa tatu wakati sauti ya kufikia dawati la mwisho ilipopenya kutoka sebuleni.

"Mama! Miwani yangu iko wapi?"

Mama hakuinua kichwa. Alimjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyezoea kuulizwa, kwamba ameiweka mfukoni mwa shati lake yeye mwenyewe, muda mfupi uliopita, alipomaliza kuandika, kama kawaida yake. Sebuleni hapakusikika tena kitu. Bi Pole aliitazama saa, akavuta kiti cha pili, akamngoja amalize.